Mwaka na nusu na jiko la mafundi wa Keko: nilichokipenda, na siku sinki liliponidondokea

Haya wadau, kuna watu kama watatu wameshaniomba namba ya fundi aliyenitengenezea makabati ya jikoni na wote nimewajibu "subirini kwanza". Sio roho mbaya jamani. Jiko jipya kila mtu analisifia, wiki ya kwanza hata kabati la maboksi linang'aa, mi nilitaka lipite masika, lipite vuli, lipikiwe pilau la Idi mbili, watoto wavutevute droo na mama mkwe akae mwezi mzima na kinu chake, ndo niseme. Sasa vimepita vyote, mama mkwe ndo amerudi Muheza juzi, kwahiyo naandika.

Historia fupi. Jiko langu la kwanza nililifunga 2021, nililinunua kwenye shorumu moja ya taa nyingi na kahawa ya bure, jina lake nalimeza. Milango myeupee inang'aa unajiona kama kioo. Miezi kumi na nne haikuisha, ubao wa chini ya sinki umevimba kama andazi, ukigusa unamegeka, bawaba zimeng'oka na skrubu zake, mlango unaushikilia kwa mkono mmoja huku unachukua sabuni kwa mwingine. Nikapiga simu wakaniambia "dada ulimwagia maji". Sa jikoni nisimwage maji nimwage nini?

Ile ilikuwa MDF ya kawaida. Kwa asiyejua, MDF ni unyuzi wa mbao uliosagwa ukachanganywa na gundi ukakandamizwa kwenye joto, haina uzi wa mti ndani, kwahiyo maji yakipenya kwenye ukingo inavimba na hata ukiikausha juani mwezi mzima hairudi ilivyokuwa. Na huku kwetu Dar sio mpaka umwage maji, hewa yenyewe tu inatosha kuilainisha pole pole. Wenyewe walikuwa wamebandika ule utepe wa plastiki pembeni, ejingi, sehemu zinazoonekana tu. Kule nyuma na chini kusikoonekana wameacha wazi, maji yakaingia hukohuko.

Basi 2024 mwezi wa sita nikaenda Keko, kule kwa mafundi fanicha hapa Dar. Wanaopajua Keko wanajua, unashuka tu kila mtu anakuvuta, "mama njoo uone kitanda", "dada sofa hizi hapa". Nikaishia kwenye karakana moja ya mzee mmoja na vijana wake wanne (jina lao nalo siliweki, mtaona kwanini mbele huko). Kilichonivuta ni kwamba mzee hakunionyesha picha za kwenye simu, aliniuliza jikoni kwangu maji yanatoka upande gani na jua linaingia dirisha lipi.

Akaniambia kabati za chini tutumie marini bodi. Nikamuuliza, "Mzee, marini bodi ipi? Maana kila duka lina yake." Na kweli hapa watu wanapigwa sana. Ile inayouzwa mjini kwa jina hilo mara nyingi ni plaiwudi yenye ngozi nyeusi au ya kahawia, ileile mafundi ujenzi wanayofungia zege. Sio mbaya, ila zinatofautiana mbingu na ardhi, nyingine gundi yake inastahimili maji na nyingine imepakwa ngozi juu tu ndani ni tabaka za mbao laini zenye mapengo. Ukiiangalia ubavuni inajieleza, mapengo utayaona.

Nikaomba vipande vya mabaki vitatu, MDF ya kawaida, MDF ya kijani na hiyo marini bodi, nikaenda navyo nyumbani nikavichemsha kwenye sufuria. Mzee aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, "Mwanangu, unapika supu ya mbao?" Cheka tu mzee. MDF ya kawaida ndani ya saa moja ilishakuwa uji. Ya kijani ilivimba pembeni kidogo kidogo, na hapa niseme kitu, ule ukijani ni rangi tu wanayoitia kiwandani ili ijulikane kuwa ni ya kustahimili unyevu, unyevu wa hewani sio maji yaliyotuama, kwahiyo anayekuuzia kwa kukwambia "hii haiingii maji" anakudanganya. Marini bodi nilichemsha saa mbili nzima, nikaianika, nikaichemsha tena, haikuachia hata tabaka moja. Nikarudi kesho yake na kipande mkononi nikamwambia mzee nataka hiihii, sio ndugu yake.

Tukakubaliana chini kote marini bodi, juu MDF ya kijani maana juu hakuna maji na kuna unafuu, milango yote MDF ya kijani iliyopigwa rangi ya duko (ile ya kupulizia kama ya magari) pande ZOTE mbili na ubavuni. Rangi nikachagua kijani cha jani la mpera, mume wangu alinuna wiki nzima alitaka nyeupe. Nyeupe gani na binzari ya nyumba hii.

Kuna kijana pale alinishawishi nifanye PVC bodi yote, ile ya plastiki nyepesi nyeupe, haiingii maji kabisa na mchwa hawaigusi, ni kweli kabisa. Lakini skrubu haishiki vizuri, ukifunga mlango mzito baada ya muda bawaba inacheza, na karibu na moto inalainika. Kwa kabati la bafuni ningechukua bila kuuliza mara mbili. Mninga niliuulizia pia kwa ajili ya milango, nikatajiwa bei nikauliza tu njia ya kutokea.

Kitu cha maana kuliko vyote walichofanya wala hakionekani: makabati ya chini hayajakaa sakafuni, yamesimama juu ya vimiguu vya plastiki vya sentimita 10 halafu mbele kuna ubao wa kuziba unaochomoka. Nikipiga deki maji yanapita chini, mende wakijificha nachomoa ubao napuliza dawa. Mwaka na nusu, nimeenda na tochi jana nimelala chini kabisa kama fundi wa gari, chini ya sinki pakavu, hakuna kilichovimba. Hapo nawapa mikono miwili.

Sasa urefu. Ukiangalia mapicha ya intaneti kaunta zote ni sentimita 90 na wewe unajisemea sawa basi ndo vipimo. Jamani mi nina futi tano na inchi moja. Jaribu kusonga ugali wa watu saba kwenye jiko la mezani lililokaa juu ya kaunta ya sentimita 90, sufuria nayo ina kina chake, mwiko unaushika usawa wa kidevu, mabega yanawaka. Zile kaunta zimepimwa kwa watu wa kukaanga yai. Nikamwambia mzee sehemu ya jiko ishuke iwe 78, sehemu ya sinki na kukatia ibaki 88. Vijana wake walibisha sana, "mama itakuwa na ngazi haitapendeza". Ina ngazi, ndio, na kila mgeni mwanamke akiingia anasimama pale anashika mwiko wa kufikirika anasema "eeeh!" Hiyo ngazi ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote jikoni kwangu.

Mtungi wa gesi walitaka kuuficha kabatini chini ya jiko, wakaweka na mlango mzuri tu. Nikakataa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inatulia chini, sa ukiifungia kwenye boksi ukawasha kiberiti… Kama huna namna basi kabati litobolewe matundu chini kabisa usawa wa sakafu, sio juu kama wengi wanavyofanya. Mi nimeutoa nje kwenye kizimba cha chuma, bomba linapita ukutani. Pale ulipotakiwa kukaa mtungi nimeweka ndoo mbili zenye mifuniko za akiba ya maji, mgao ukija sihangaiki na madumu katikati ya njia.

Kaunta ni graniti nyeusi. Nilitaka nyeupe yenye mishipa ya kijivu, nikaikuta duka moja nzuri mno, nilikuwa na nusu limao kwenye pochi (usiniulize kwanini) nikakamulia tone pembeni, baada ya dakika kumi kuifuta pamefifia, pamekufa mng'ao. Muuzaji kanuna. Hiyo haikuwa graniti, ilikuwa marumaru halisi, lile jiwe lenyewe la asili, na asili yake ni chokaa kwahiyo ndimu, siki, hata nyanya inailamba. Kwa nyumba inayokamua ndimu kila siku ya Mungu haifai kwenye kaunta, weka sebuleni. Graniti haijali ndimu. Ile ya rangi hafifu inakunywa mafuta usipoipaka dawa ya kuziba vinyweleo, nyeusi inavumilia zaidi ila kila tone la maji likikauka linaacha alama nyeupe, hasa sisi wa maji ya kisima yenye chumvi. Nafuta mara nne kwa siku, nishazoea. Sufuria ya moto naibwaga juu yake moja kwa moja. Kinu hapana, mama mkwe alitaka kutwangia saumu juu ya ile sehemu nyembamba mbele ya sinki nikamwambia mama nakuomba kwa heshima zote twende barazani, pale jiwe limekatwa limebaki vidole vinne tu, likipigwa mchi linapasuka.

Ila siku ya kukata jiwe sikuipenda. Kijana alikata na grainda kavu uani kwangu, hakuna maji, kitambaa kimefungwa kidevuni wala sio puani, vumbi jeupe mpaka kwa jirani. Lile vumbi lina kwatsi, madini magumu ya kwenye mawe, linakaa kwenye mapafu halitoki. Mawe ya kutengeneza kiwandani ndo hatari zaidi maana mengi yana kwatsi asilimia 90 na zaidi, Australia wameyapiga marufuku kabisa tangu tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi kuugua mapafu. Nikamletea mpira wa bustani nikamwambia mwanangu mwagia hapo unapokata. Akaona namchelewesha.

Na kuchelewa sasa, hapo ndo wanaanza kupoteza maksi. Waliniambia wiki mbili, zikawa tano. "Kesho mama." "Umeme umekatika mama." "Gari limepata pancha mama." Kosa langu pia, nilitoa advansi asilimia 70 siku ya kwanza kwa furaha ya supu ya mbao. Hela ikishaingia yote fundi anaenda kwa mteja ambaye bado hajatoa. Ningerudi nyuma ningetoa nusu, robo makabati yakifika nyumbani, robo nikishafungua kila droo.

Sinki nililinunua mwenyewe madukani mtaa wa Gerezani hapa Dar. Muuzaji akabandika sumaku haikushika akasema "unaona, original, 304", yaani lile daraja la chuma cha pua kisichowahi kutu. Sumaku haikwambii hivyo. Hata 201, ambayo nikeli yake ni kidogo na inawahi kupata kutu kwenye maji ya chumvi, sumaku inaweza isishike kabisa. Nilichukua lenye muhuri na bati nene lisilobonyea nikikandamiza kwa dole gumba, mpaka leo halina doa.

Tatizo halikuwa sinki, lilikuwa ufungaji. Liliwekwa chini ya jiwe, likashikiliwa kwa silikoni peke yake. Peke yake! Miezi minane baada ya kufungwa, Jumapili mchana, limejaa masufuria ya wali na maji ya kulowekea, nasikia "pwaa", sinki limeshuka lote ndani ya kabati, bomba la chini limepasuka, maji mpaka sebuleni. Silikoni inaziba maji, haibebi mzigo, linatakiwa vishikio vya chuma au fremu ya mbao chini yake. Nilipiga simu kwa hasira zote, na nawapa haki yao, mzee alikuja mwenyewe jioni ileile na pikipiki, hakuuliza nani kamwaga maji, akatengeneza fremu akafunga upya bila kunidai hata mia. Hata hivyo lisingepaswa kudondoka. Ile marini bodi chini ilikaa kwenye maji nusu saa na haikufanya kitu, hiyo nayo niseme.

Jambo dogo, tailizi za ukutani nyuma ya jiko waliziba mianya yake kwa grauti (ile saruji laini ya kujazia) nyeupe bila kuniuliza. Sasa ni ya njano. Nitaikwangua niweke ya kijivu.

Hela: makabati 3,200,000, graniti mita nne na nusu hivi pamoja na kukata tundu la sinki 1,450,000, tailizi na fundi bomba 700,000, sinki na koki 280,000, umeme na taa 170,000. Jumla 5,800,000. Ile shorumu ya 2021 ilinichukua zaidi ya hapo kwa makabati peke yake.

Nawapa nyota nne. Moja nimewanyang'anya, nusu kwa ajili ya sinki na nusu kwa zile "kesho mama". Waliouliza namba njooni inbox, ila mkienda mwambieni mzee mnatoka kwa yule mama wa supu ya mbao, na fremu ya chini ya sinki ikaguliwe kabla hajaondoka.