Hawakunivua hata soksi

Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu. Choo chao ni kisafi, foleni si ndefu, na keshia anarudisha chenji bila kuombwa. Lakini kila nikifunga kamba za viatu naikumbuka ile kliniki, na hasira inapanda upya. Basi tuanze na mbili, tuone zitafika wapi.

Ni kliniki ya binafsi hapa Kampala. Jina naliacha. Nilienda siku za karibuni, kiuno kimenishika upande wa kulia, maumivu yanashuka mguuni hadi chini ya goti. Hayo maneno "chini ya goti" niliyatamka polepole ili yasikike. Maumivu yanayokaa kiunoni, au yanayoishia takoni na pajani, mara nyingi ni ya misuli, viungio na diski zenyewe, ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo. Yakivuka goti yakafika kwenye unyayo, yakaja na ganzi au kuchoma kama umeme, kuna mzizi wa neva unaosumbuliwa. Daktari akisikia hivyo anainuka kitini.

Huyu hakuinuka. Aliandika karatasi, akaisukuma mezani: "Mzee, nenda ukapige MRI, urudi na picha." Nikamwuliza, daktari, hutanipima kwanza? Akanitazama juu ya miwani. "Mashine itaona kila kitu. Au wewe ndiye daktari?" Kamba za viatu zilikuwa zimefungwa, soksi zimevutwa juu. Nilivyoingia ndivyo nilivyotoka.

Najua mtu atasema, huyu mzee analilia soksi. Sawa, acheni niseme kilichokuwa ndani ya soksi. Mizizi ya neva inayobanwa zaidi na diski za kiuno ni L5 na S1, halafu L4 kwa mbali kidogo (L ni pingili za kiuno, S ni mfupa ulio chini yake, namba ni hesabu kutoka juu), na habari zake nyingi zinasomwa mguuni. Unamwambia mgonjwa avute kidole gumba cha mguu kuelekea kwake huku wewe unakikandamiza kwa kidole chako. Kikilegea upande mmoja, ni L5. Unamtembeza kwa visigino: mguu unaobwaga unyayo sakafuni, paa, paa, unatoa habari hiyohiyo. Unamsimamisha kwa mguu mmoja apande juu ya vidole mara kumi. Akichoka kwenye ya tatu wakati mguu wa pili umemaliza kumi bila taabu, hiyo ni S1. Kinyundo unagonga chini ya goti kwa L4 na kwenye kano ya kisigino kwa S1. Mwisho unagusa kwa pamba: upande wa ndani wa muundi ni L4, juu ya unyayo kuelekea kidole gumba ni L5, ukingo wa nje wa unyayo ni S1. Zoezi zima halifiki dakika tano na halina gharama ila pamba. Kinyundo nilikiona mezani kwake, kinashikilia karatasi zisipeperushwe na feni.

Hata kitanda cha kupimia kilikuwa na maboksi juu yake. Maana yake hapo hakuna anayelazwa chali akainuliwa mguu, goti limenyooka. Kipimo hicho nacho kina namna yake ya kusomwa. Mguu ukifika kati ya nyuzi 30 na 70 na maumivu yakapiga mbio kuvuka goti, neva inalia. Ukisikia tu kukaza nyuma ya paja, ni misuli mikavu, wengi wetu tunayo. Na ukiinua mguu usio na shida maumivu yakapiga upande mbovu, hapo ndipo diski iliyochomoza inashukiwa kwa nguvu.

Kilichoniudhi zaidi ya kutoguswa ni kutoulizwa. Tuko Uganda. Kifua kikuu hapa si hadithi, na kinaingia kwenye pingili za mgongo polepole, kwa wiki au miezi, mtu akidhani ni uchovu wa kazi, hadi mgongo unapinda au miguu inapooza. Katika nchi ya wafugaji, wengine wakinywa maziwa yasiyochemshwa, brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, nayo inakaa kiunoni na homa ya kuja na kuondoka. Hakuuliza kama nimekonda. Hakuuliza homa, jasho la usiku, saratani ya zamani, VVU, kuanguka, wala dawa za steroidi. Hakuuliza kama maumivu yananiamsha usiku hata nikilala vipi. Wagonjwa wengi watajibu "hapana" kwa yote, kwa kuwa maumivu mengi ya kiuno, kama tisa kwa kumi, hayana ugonjwa mmoja wa kuonyeshea kidole. Lakini yule mmoja anayejibu "ndiyo" ndiye MRI ilitengenezwa kwa ajili yake.

Na kuna swali moja ambalo kuliruka ni dhambi: unakojoa vizuri? Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila habari, choo kikikosa kuzuilika, ganzi ikakamata sehemu za siri na pale unapokalia tandiko la baiskeli, miguu yote ikalegea, fungu la neva la mwisho wa uti linakandamizwa. Hiyo ni dharura ya upasuaji, masaa yanahesabika. Ukiona hivyo usingoje Jumatatu, nenda hospitali ya rufaa usiku huohuo. Ultrasaundi ya kawaida inaweza kuonyesha mkojo uliobaki kibofuni baada ya kukojoa. Ukizidi mililita 200 hivi, hakuna mjadala.

Basi nikapiga MRI. Nililipa pesa ambayo sitaitaja, mke wangu naye anasoma mtandaoni. Nikarudi, akaiinua dirishani, si kwenye taa ya picha, dirishani, akasema, "Mzee, mgongo umekwisha. Diski imetoka." Sentensi hiyo inaumiza watu kuliko diski. Kuna mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote: wenye miaka 40, asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 50 zilizovimba. Walikuwa wazima wanaofanya kazi zao. Picha bila kipimo cha mguu haikuambii kama diski hiyo ndiyo mkosaji au ni mvi tu za ndani. Na mtu akishaambiwa mgongo umekwisha anaacha kuinama, anaacha kutembea, analala. Kulala ndiko kunakomharibu: siku moja mbili maumivu yakiwa makali, si neno, zaidi ya hapo misuli inalegea na kiuno kinazidi kukaza.

Sindano sasa. Nesi, binti mpole, simlaumu sana, aliniambia, "Ssebo, inama kidogo hapo mezani." Nimesimama, suruali imeshushwa nusu, sindano inaelekea katikati ya tako. Nilimshika mkono. Tako ligawe mara nne: sindano inaingia robo ya juu ya nje, na mtu amelala, au bora zaidi ubavuni mwa nyonga. Katikati na chini ndipo inapopita neva kubwa ya mguu. Ukiichoma neva hiyo, mgonjwa aliyeingia na kiuno anatoka akiburuta unyayo, na mara nyingi ni watoto wanaopata balaa hili kwa sindano zisizo na lazima. Hata kwangu haikuwa na lazima: anayeweza kumeza, ameze.

Nikasoma karatasi ya dawa. Daiklofenaki, dawa ya maumivu, ya sindano miligramu 75, na siku hiyohiyo vidonge vyake vya 50 mara tatu. Jumlisha: 225. Kikomo cha siku ni 150. Juu yake aibuprofeni "ikizidi kuuma", yaani ndugu wawili wa tumbo moja kwa pamoja, faida haiongezeki, vidonda vya tumbo na figo ndivyo vinavyolipa. Presha haikupimwa. Anayetumia dawa za presha pamoja na za kukojosha akiongezewa hizi, figo zinaweza kuzimika kimyakimya. Kulikuwa pia na deksamethasoni, steroidi ya kupunguza uvimbe, ambayo kwa kiuno cha kawaida haisaidii, na sindano za vitamini B za rangi nyekundu, ambazo watu wanazipenda kwa rangi yake. Aibuprofeni 400 mara tatu pamoja na chakula, siku chache, kwa mtu asiye na vidonda wala figo mbovu, ingetosha.

Mkanda wa kiuno waliniwekea kwenye bili kabla sijakubali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasema mikanda hiyo isitolewe kama tiba ya kawaida, pamoja na kuvutwa mgongo kwa mashine na ile ultrasaundi ya kukandia. Niliukataa. Keshia akanuna. Hapo nyota ya pili ilidondoka.

Sasa subirini, maana kuna jambo linanivuruga hukumu. Chini ya ngazi, nyuma ya duka lao la dawa, kuna chumba cha fiziotherapia chenye kitanda kimoja na feni mbovu. Nilishuka kwa hasira tu. Dada aliyekuwepo hakutazama picha. "Mzee wangu, vua viatu. Na soksi." Nilitaka kumkumbatia. Alipima vyote nilivyoandika juu, kwa mpangilio, kidole gumba cha kulia kikaonekana dhaifu kidogo, akaandika tarehe na kiwango cha nguvu, nne kwa tano, ili wiki ijayo alinganishe. Hicho ndicho kipimo.

Akanilaza kifudifudi, mikono inasukuma kifua juu, nyonga zimebaki kitandani, mara kumi, kisha anauliza: maumivu yamekwenda wapi? Yakipanda kutoka muundini kuja takoni na kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo, endelea, kila masaa mawili matatu. Yakishuka chini zaidi, acha hapohapo. Alisema pia kwamba hili si la kila mtu: wazee ambao miguu inawaishia nguvu wakitembea na kupata nafuu wakiinama, kama wanaosukuma baiskeli, wapewe mazoezi ya kuinama mbele, si ya kupinda nyuma.

Kisha kutembea. Dakika kumi, kila siku, ongeza taratibu hadi 30, siku tano kwa wiki. Utafiti wa Australia wa 2024 uliwapa mpango kama huo watu waliokwisha pona: nusu ya waliotembea walikaa siku 208 au zaidi kabla ya kiuno kurudi, nusu ya wengine siku 112 au zaidi. Dumu la lita 20 aliniambia niligawe mara mbili, kumi kila mkono, mwili uwe katikati. Na fagio fupi la uani lifungwe kwenye mti mrefu. Ushauri wa fagio sijauona kwenye mwongozo wowote, lakini uani kwetu kila mtu anafagia ameinama kama anatafuta sarafu.

Alitaka arobaini elfu. Ningelipa mara mbili.

Kwa hiyo nyota ngapi? Ghorofani sifuri, chini tano, wamiliki wale wale. Nikikumbuka "au wewe ndiye daktari" nataka kufuta hata choo kisafi. Tuseme mbili, na hizo ni za chini. Ukienda, usipande ngazi. Pita dukani, zunguka nyuma, na vaa sapatu.