Wakili wa mirathi: wa kwanza kanichosha, wa pili kaokoa jahazi

Jamani baba alipofariki mi nilijua mirathi ni kukaa kikao na kugawana tu, kumbe kwanza mahakama imthibitishe msimamizi, madeni ya marehemu yalipwe, ndo warithi wapate chao. Wakili wa kwanza tuliletewa na ndugu, kumbe mwenyewe ni mtu wa kesi za ajali, kila nikipiga simu naambiwa faili liko mbioni, mbio gani hizo miezi minne?? Siku naibuka ofisini nakuta cheti cha kifo kiko kwenye bahasha ileile niliyompa, hata gundi haijabanduliwa.

Huyu wa pili nampa nyota nne. Siku ya kwanza tu kachukua karatasi kapiga mstari katikati, huku mali huku madeni, kauliza wosia upo, hati ya nyumba ina jina la nani, warithi wote wanajuana (hilo swali lilitunyamazisha kidogo, haya tuendelee). Malipo kataja palepale, bei moja ya kazi nzima na sio asilimia ya mali, tukaandikishana. Na alivyosikia bro kashapata mteja wa gari la mzee akamwambia aache mara moja mpaka idhini ya mahakama itoke, bro kanuna wiki nzima lakini ndo wakili ninayemtaka mimi.

Nyota moja nimebana sababu meseji za asubuhi anajibu usiku, na karani wake ana mdomo huyo!