Miezi minane na presha kuka kwenye mita ya vyumba vinne

Siku ya kwanza kifirimbi cha presha kuka yangu kilipofoka, Mzee wangu, yaani baba, alikuwa mlangoni kwenye mkeka, anakunywa chai. Mzee alitumikia jeshi miaka 21. Kikombe kilienda huku, yeye akaenda kule, na kabla sijasema neno akaniuliza kwa sauti ya gwaride: "Hiyo ni nini?"

"Ni maharage, Mzee."

"Maharage hayafanyi hivyo."

Mpaka leo akipiga simu kutoka Soroti, mashariki mwa Uganda, salamu zikiisha, huwa anauliza kama bomu langu bado lipo. Lipo. Nimekaa nalo miezi minane sasa, na kwa kuwa watu wawili kazini wameniuliza kama wanunue, naandika mara moja niache kurudia. (Kiswahili changu ni cha kambini, msinicheke. Mzee ni Mteso, Mama ni Mwacholi, sisi watoto tulikulia kambi ya jeshi Jinja, kwa hiyo lugha ya kwata ndiyo tuliyoombea chumvi mezani.)

Ni presha kuka ya umeme, sufuria inayofungwa kabisa na kupika kwa nguvu ya mvuke, lita sita, wati 1,000. Niliipata kwenye arcade (jengo la maduka) moja mjini Kampala, muuzaji akaanzia 320,000, tukashikana hapo mpaka 270,000. Naishi Kireka kwenye muzigo, chumba na sebule yake. Nauza vitenge Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala. Natoka saa 12 asubuhi, na jioni taksi ikishatulia pale Banda kama imepanda mizizi, nafika saa mbili usiku. Ukifika saa hiyo, kuanza kuwasha sigiri, jiko la makaa, ili uchemshe maharage ni kuwaambia watoto wale saa tano. Kwa hiyo kabla ya chombo hiki maharage kwangu yalikuwa chakula cha Jumapili, na siku nyingine tulikula mayai, kabichi, au chochote kinachoiva upesi.

Makaa nayo yalikuwa yamenichosha. Sufuria moja ya maharage inakula makaa ya shilingi 2,500 hivi, na hapo uombe yasiwe na unyevu. Tangu amri ya Rais ya Mei 2023 ya kuzuia makaa ya biashara kutoka kaskazini, wauzaji wa mtaani kwetu kila wakipandisha bei wanataja hiyo amri, hata kama gunia lenyewe limetoka upande mwingine kabisa. Mama hana huruma na malalamiko yangu. Anasema miti ya yaa, ile inayokamuliwa mafuta, tumeimalizia kwenye sigiri za Kampala, kwa hiyo nilie polepole.

Sasa maharage. Nikiyaloweka asubuhi, kilo moja inaiva kwa dakika 25 za presha, na ukihesabu muda wa kupata moto na wa kutoa hewa inafika dakika 45. Nambale, aina ya maharage, yanatoka yote mazima, mchuzi mzito, ngozi haijabanduka. Kwa molokoni, kwato za ng'ombe ambazo zamani nilizila hotelini tu, ni saa moja na nusu na mfupa unajiachia wenyewe. Hapo sina neno.

Mama alipokuja kutoka Gulu kwa ajili ya kliniki ya macho, alikiangalia chombo siku mbili bila kukigusa. Siku ya tatu akasema atapika yeye. Akatia magadi kwenye maharage, kama alivyozoea, kwa sababu kwa Mama maharage bila magadi ni kokoto. Tulipofungua mfuniko hapakuwa na maharage. Palikuwa na uji wa rangi ya kahawia. Akauonja, akauongezea odii (siagi ya karanga na ufuta), akautandaza kwenye sahani na kututangazia kwamba ni supu. Tuliila na viazi vitamu na, kusema kweli, ilikuwa tamu. Lakini magadi na presha, chagua kimoja.

Matoke, zile ndizi za kupika, usijaribu. Nimejaribu mara mbili. Yanaiva, ndiyo, lakini yanatoka na maji na harufu ya chuma. Jirani yangu Mganda alitazama tu akaniuliza, "Na majani ya mgomba umeyaweka wapi?" Nikanyamaza. Posho, yaani ugali, pia haiwezekani, maana hakuna pa kusongea. Yaani sigiri hutaitupa, usidanganywe na muuzaji anayekwambia kila kitu kinapikika humo, mpaka keki.

Kuna kitufe cha kuchelewesha, unapanga ianze yenyewe jioni. Nilikipenda sana wiki ya kwanza. Wiki ya pili umeme ukakatika mchana, uliporudi chombo kilikuwa kimesahau kila kitu, kinamulika namba tu. Nilifika nyumbani saa mbili nikayakuta maharage yanaogelea, na kijana wangu wa P.5 (darasa la tano) amelala ameshiba rolex, chapati ya kuviringisha na mayai, aliyonunua na hela ya daftari. Tangu siku hiyo kitufe kile sikigusi. Nawasha nikifika.

Ila kilichonifanya niandike hasa si maharage. Ni mita.

Sisi ni vyumba vinne kwenye Yaka moja, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mwenye nyumba alifanya hivyo akaenda zake, sisi tukabaki kuchanga. Chombo changu kilipoanza kufoka, uniti zikaanza kuisha tarehe 18 badala ya 22, na kila aliyesikia ule mlio usiku alikuwa na hakika nani anazila. Jirani wa mlango wa nne, mwalimu, mtu wa hesabu na mtu mzima anayeheshimika, ndiye alisimama uani akasema kwa upole kwamba mwenye jiko la umeme basi aongeze elfu 20 kila mwezi. Wengine wakaitikia. Nikawaambia sawa, lakini kwanza tupime.

Jumapili moja baada ya misa tukazima kila kitu. Taa, redio, friji ya dada wa soda, chaja za simu, vyote. Watu wazima tisa tukakizunguka kiboksi cha kuingizia tokeni kama tunasubiri matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kilisoma 23.6. Nikaweka kilo ya maharage yaliyoloweka, nikafunga, tukakaa. Kifirimbi kikafoka, mtoto mmoja akalia. Yalipoiva tukasoma tena: 23.2.

Sehemu nne za kumi za uniti moja. Hata kwa bei ya juu kabisa ya uniti pamoja na VAT haifiki shilingi 400.

Kukawa kimya. Ndipo dada wa soda, ambaye hana dogo, akasema tupime na koili. Koili ni ile ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo, na mwenye koili uani kwetu ni mmoja tu. Mwalimu akakohoa, akasema yake ni ndogo. Tukaitumbukiza kwenye ndoo ya lita 20, tukangoja maji yapate moto wa kuogea, si wa kuchemka. 22.3. Kama uniti nzima, kwa ndoo moja, na kwake wanaoga watu watano.

Elfu 20 haikutajwa tena. Mwalimu, na hili nampa heshima yake, jioni hiyo hiyo aligonga mlango wangu na karatasi ya hesabu. Alikuwa amegundua jambo ambalo sote hatukulijua. Kwa bei za mwaka 2025, uniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 bei iliruka kupita 700. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 ilishuka tena mpaka 412, ile inayoitwa bei ya kupikia. Na hesabu hiyo inafuata mita, haifuati mtu. Anayenunua tarehe mosi anapata zile 15 za rahisi, ingawa anakatwa pia ada ya huduma. Anayenunua mwisho anapata za 412. Na mjinga wa katikati analipa bei kali kuliko wote. Mimi hulipwa tarehe 8. Mjinga wa katikati alikuwa mimi, mwaka mzima. Sasa tunachanga kwa pamoja, mmoja ananunua mara moja, na gharama tunaigawa.

Mama alipoyasikia haya aliuliza swali lake. Umeme, ile kampuni ya kusambaza umeme, ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 Machi 2025, UEDCL ya serikali ikachukua waya. Mtu alimwambia kwa Kiswahili kwamba Umeme imeondoka, na Mama akaniambia, kwa huruma ya kweli, "Sasa mwanangu, kama umeme umeondoka, bomu lenu mnaliwasha na nini?"

Lawama yangu moja kubwa ni mpira wa mfuniko. Ulianza kulegea mwezi wa sita, mvuke ukawa unatokea pembeni na presha haipandi. Nikarudi dukani na karatasi ya warantii ya mwaka mmoja. Wakaisoma mbele na nyuma, wakaniambia mpira haumo, ni kama matairi. Vipuri hawana. Fundi mmoja wa Katwe alinichongea wa kwake kwa elfu 15, umeshika miezi miwili, na tangu juzi umeanza kulia tena.

Ukiniuliza kama ningenunua tena: kwa nyumba inayokula maharage mara tatu kwa wiki, ndiyo, kesho asubuhi. Kwa nyumba ya matoke, hapana. Na ukiwa kwenye mita ya kuchangia, pima kwanza koili ya jirani.

Nani anajua panapouzwa mpira wa sentimita 22? Jumamosi naenda mjini.