Una hela ya riwaya moja tu? Anza na hii

Mara ya mwisho kusoma riwaya ulikuwa kidato cha nne, tena kwa sababu ya mtihani. Leo umesimama mbele ya meza ya vitabu vya mtumba, una hela ya kitabu kimoja, na hujui uchukue kipi. Nimevipanga kwa kigezo kimoja: kipi utakimaliza. Ukubwa wa jina la mwandishi sikuuhesabu, ndiyo maana Shaaban Robert ameangukia chini. Aniwie radhi.

Namba moja ni *Vuta n'Kuvute* ya Adam Shafi (1999). Unguja ya wakati wa Mwingereza, binti wa Kihindi, Yasmin, bado mbichi kabisa, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye angeweza kuwa baba yake. Anamkimbia. Kwao hawamtaki tena, na anayempokea ni shoga yake Mwajuma, huko Ng'ambo. Kisha anaingia Denge, kijana anayewanyima usingizi makachero wa serikali. Siasa imejaa humo ila haikuhubirii, maana wewe muda wote unataka kujua Yasmin atalala wapi usiku huu. Na Kiswahili chake ni kile cha barazani, hakijavaa tai. Ni kinene kidogo, usitishike. Nakala yangu nimewaazima watu watatu wasiopenda kusoma: wawili waliimaliza, wa tatu hajairudisha.

Ya pili, *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla (1960). Maiti imekutwa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anafumbua kitendawili taratibu, huku wenzake wakirukia majibu. Safari ya basi ya siku moja inakitosha.

Ya tatu, *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996). Kongowea anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake, hadi Kitale. Misemo na methali zimemwagwa kila ukurasa, na wapo zinaowachosha. Mimi humsoma Walibora sura moja moja, nikapumzika.

*Rosa Mistika* ya Kezilahabi (1971) ningeiweka juu zaidi, ila inauma. Ni habari za msichana wa Ukerewe na baba mkali, na ilikuwa chungu kiasi cha kupigwa marufuku shuleni kwa muda. Kama unatafuta zawadi ya harusi, tafuta kingine.

*Kusadikika* (1951) inafunga orodha. Ni kijitabu tu, Karama yuko kizimbani anajitetea kwa hadithi, lakini sentensi za Shaaban hazitaki haraka. Ichukue ukishamaliza mbili za juu. *Nagona* ya Kezilahabi (1990) usianze nayo kabisa. Kurasa zake chache zinadanganya.

Anayetaka kumjua Abdulrazak Gurnah, yule wa Unguja anayeandika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, ipo *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Kabla hujatoa hela, soma jalada lote. Kuna miongozo ya wanafunzi ambayo jina la riwaya limeandikwa kubwa na neno "mwongozo" limejibanza pembeni. Niliwahi kufika nayo nyumbani, nikafungua, nikakuta orodha ya tamathali za semi. Pekua pia kurasa za katikati: wino uliofifia na mistari iliyopinda ni dalili ya nakala ya wizi, na hizo hupenda kuruka kurasa pale panaponoga.

Maandishi ya penseli ya mwenyewe wa zamani yasikukimbize, bei hushuka kwa ajili yake. Aliyekuwa na *Rosa Mistika* yangu aliandika "dhamira" pembeni karibu kila ukurasa, na "mhusika mkuu" mara kadhaa, akapigia mstari methali zote. Katikati ya kitabu penseli ikakoma. Nadhani hapo ndipo alipoanza kusoma.