FeatureIDE: nimeitumia kwenye mfumo wa mauzo ya dagaa, naikubali sana

Wanaotengeneza programu zenye matoleo mengi mnisikilize jamani, mimi niko Kigoma hapa Mwanga, nina mfumo wa mauzo wa wafanyabiashara wa dagaa Kibirizi na maduka ya mjini, kila mteja na lake, huyu risiti yule madeni mwingine SMS, na ukiwa na vipengele vya hiari 10 tu visivyotegemeana tayari ni matoleo 1024, utayakagua kwa macho saa ngapi?

FeatureIDE ni ya bure, inakaa ndani ya Eclipse, ile programu ya kuandikia programu. Unachora mti wa vipengele, kipi lazima kipi hiari, unaweka masharti, yenyewe inageuza mti wote kuwa fomula ya mantiki na kuipeleka kwenye solva ya SAT, yaani programu inayotafuta kama kuna namna ya kutimiza masharti yote kwa pamoja.

Sasa mimi niliweka SMS inahitaji intaneti, halafu nikaandika intaneti haiendi pamoja na kuhifadhi kwenye simu, nikasahau kuhifadhi kwenye simu nimeshakifanya lazima kwa wote. Papo hapo intaneti na SMS zikawekewa alama zimekufa, yaani hakuna toleo hata moja linaloweza kuwa nazo, na inakuonyesha masharti yaliyoziua. Na nilikuwa nimeshamuahidi mama mmoja wa dagaa SMS za wadaiwa wake! Ningehangaika na msimbo wa programu wiki nzima.

Ila kuhesabu matoleo yote ya mti mkubwa ni kazi nzito kuliko kutafuta kipengele kilichokufa, hiyo mi naiacha ijifanyie usiku.