Uzoefu wangu: nilivyouza santuri ya baba, Live at Leeds, nikiwa Dodoma

Kama una santuri za zamani ndani na unajiuliza zitauzikaje ukiwa Dodoma, mimi nimeuza moja mwezi uliopita. Imenichukua wiki tatu. Wateja wapo na bei inaridhisha, ila jiandae kwa maswali mengi.

Ni Live at Leeds ya The Who, bendi ya roki ya Uingereza, toleo la Uingereza la 1970. Ilirekodiwa wakipiga mbele ya watu tarehe 14 Februari mwaka huo kwenye bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Leeds. Baba alifika pale kusoma miezi michache baadaye, akainunua kwa sababu bwalo hilo ndilo alilokuwa akila kila siku. Alirudi nayo nyumbani. Sasa anahamia shambani Kondoa, nyumba ya Area C inapunguzwa vitu, akaniambia, "Iuze, lakini aipate mtu atakayeipiga."

Kauli hiyo ilinigharimu mteja wa kwanza. Alikuwa na mgahawa, anataka kuitundika ukutani, na shilingi 100,000 alikuwa nazo mkononi siku hiyohiyo. Nikamkatalia kwa heshima.

Kazi kubwa ni usafi. Vumbi la Dodoma mnalijua, na upepo wa Julai na Agosti unalipenyeza hadi ndani ya kabati lililofungwa. Nilitumia maji ya betri, yale yasiyo na asidi kabisa (soma chupa mara mbili!), tone moja la sabuni ya maji, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Unafuta kwa kuzunguka kufuata mistari, hukatizi, na lebo ya katikati hailowi.

Halafu hesabu karatasi. Jalada la santuri hii ni la kaki, limepigwa mhuri tu kama santuri ya magendo, na ndani zinatakiwa kuwemo karatasi 12: nakala ya mkataba wao wa kupiga kwenye tamasha la Woodstock, bango la klabu ya Marquee na nyinginezo. Mimi nilikuta 9. Mbili nikazipata kwenye droo ya baba, katikati ya risiti za ada zetu za shule. Moja haikuonekana, nikaandika hivyo kwenye tangazo. Ukificha, mnunuzi atahesabu mwenyewe.

Aliyenunua ni mzee mmoja wa Dar. Baada ya shikamoo tu akaniambia, "Mwanangu, weka upande wa kwanza nisikie." Nilikuwa nimeazima gramafoni ya rafiki yangu Kisasa, nikaisogeza simu karibu na spika. Nilikuwa na wasiwasi, maana kulikuwa na milio ya kupasukapasuka na wateja wawili walikuwa wameshakimbia kwa ajili yake. Mzee akasema, "Soma lebo." Kweli, kwenye lebo kumeandikwa kwa mwandiko wa mkono kwamba milio hiyo ni sawa, isirekebishwe. Iko kwenye rekodi tangu mwanzo! Hao wawili ningewapigia picha ya lebo mapema, nisingewapoteza. Mkwaruzo halisi tulioupata ni mmoja, upande wa pili, unagonga mara chache kisha unapotea. Nikaupiga picha chini ya taa. Tukakubaliana 150,000, nauli ya mzigo juu yake, pesa ikaingia kwa simu.

Kwenye kufunga mzee alinifundisha jambo ambalo sikulijua: santuri itolewe kwenye jalada, ikae na karatasi yake laini nyuma ya jalada. Ikibaki ndani, kila basi linaporuka inagonga na kuchana mshono. Nikaweka kadibodi mbili kila upande, nikapeleka stendi ya Nanenane jioni ili jua lisiikute, kwa sababu joto linaipinda.

Hapo ndipo nilipoudhika. Niliandika kwa kalamu nene kwamba isilaliwe na kitu, karani wa mizigo akaitikia, kisha nikaona kreti za zabibu zikipangwa juu yake. Nilisimama pale mpaka zikaondolewa. Hata hivyo ilifika na kona moja ya jalada imebonyea, kwa hiyo huko njiani waliirudishia mzigo. Santuri yenyewe ilikuwa salama. Nikamrudishia mzee 10,000 bila kuombwa. Huduma hiyo ya mizigo naipa mbili kati ya tano. Safari nyingine nitapanda mwenyewe au nitampa mtu anayesafiri.

Juzi mzee alituma sauti, ameipiga upande wa pili mzima, ule unaoanza na My Generation ya karibu dakika 15. Nilimwekea baba simu mezani. Makofi ya watu yalipoanza akainua mkono tunyamaze. "Hapo wanaposhangilia," akasema, "ndipo tulipokuwa tunapanga foleni na masinia yetu."