Ununue nini kwanza cha kukatia chuma: mpangilio kwa karakana ya mageti na grili

Karakana nyingi za mageti na grili hukata vitu vilevile siku nzima: mabomba ya mraba ya inchi 1 hadi 2, unene wa milimita 1.2 hadi 2, engo laini (chuma cha umbo la L), fletibaa (chuma bapa), nondo, na mara mojamoja bamba la milimita 6. Mpangilio huu umefuata kazi hiyo. Anayeunda matela na matangi hesabu yake ni nyingine. Kwake namba 4 na 5 (plazma na gesi) zinapanda juu.

1. Grinda ndogo, milimita 115 au 125

Inakata, inasaga mshono, inatoa kutu, na inafika kona ambayo mashine ya mezani haifiki. Chukua ya wati 800 hadi 1,000. Zile za wati 500 hufaa nyumbani. Ukiziendesha mfululizo armecha (koili inayozunguka ndani ya mota) inaungua.

Dukani, ishike shafti uitikise: ikicheza, beringi au gia zimeanza vibaya. Iwashe bila mzigo usikilize. Mlio wa kukwaruza kwenye kichwa cha gia hauondoki kwa kutumika. Hakikisha kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye armecha) zinabadilishwa kwa kufungua vifuniko vya pembeni, na uliza hapohapo kama kaboni na armecha zake zinauzwa. Grinda nzuri isiyo na vipuri ni hasara iliyocheleweshwa.

Angalia pia tundu la diski. Grinda za milimita 100, ambazo zimejaa madukani, hutumia tundu la milimita 16. Za 115 na 125 ni milimita 22.23. Kwa bomba jembamba tumia diski ya unene wa milimita 1 au 1.2: inakata haraka na chuma hakipati moto sana. Ubaya wake haivumilii kupindishwa. Ukiyumbisha mkono katikati ya mkato inapasuka, ndiyo maana kinga ya diski haitolewi.

2. Mashine ya kukatia ya inchi 14

Hapa ndipo karakana inapoanza kuonekana ni karakana. Geti lenye kona zisizokutana huanzia kwenye mkato, na grinda ya mkononi haiwezi kurudia nyuzi 45 mara arobaini kwa siku. Mashine hii ina diski ya milimita 355, tundu la milimita 25.4, na mota ya wati 2,000 hadi 2,400.

Usiichague kwa wati peke yake. Chagua kwa kibanio na ukingo wa kuegemeza chuma. Ukingo wa bati jembamba hupinda, na boltizi zake hulegea kwa mtetemo. Ukiruhusiwa kuijaribu, kata vipande viwili vya bomba kwa nyuzi 45, viunganishe, weka guni (kipimo cha pembe mraba). Mwanga ukipita, rekebisha ukingo ujaribu tena. Ikishindikana, acha mashine hiyo.

Mkato ukitoka umepinda wakati ukingo uko sawa, kosa ni la mkono: diski ikikandamizwa hujikunja ndani ya chuma. Iache ishuke kwa uzito wake na msukumo mdogo tu. Engo laini ilazwe mgongo juu, mbavu mbili zikielekea chini, ili diski isikutane ghafla na ubavu mzima.

Umeme nao una sehemu yake. Mashine hii huvuta takriban ampea 10 ikiwa kazini, na zaidi inapowaka. Waya wa kuongezea uwe wa milimita mraba 2.5. Mwembamba na mrefu hushusha volti, mota inachemka, na fundi analaumu mashine.

Zipo pia za msumeno wa meno ya kabaidi, zinazozunguka taratibu, kama mizunguko 1,300 kwa dakika. Mkato wake ni safi na hauna moto, lakini bei yake na ya msumeno wake ni ya karakana yenye oda za kudumu. Usifunge msumeno huo kwenye mashine ya diski ya kawaida: kasi yake ni karibu mara tatu.

3. Msumeno wa chuma wa mkono

Nunua hata kama una hayo mengine, umeme hukatika. Bledi ya inchi 12, meno yaelekee mbele, mbali na mpini. Meno 18 kwa inchi ni ya chuma kinene, 24 ya engo laini, 32 ya bomba. Kwa unene wa milimita 1.2, hata meno 32 hayagusi matatu kwa pamoja, kwa hiyo laza msumeno ukate kimshazari, la sivyo meno yanang'oka.

4. Plazma ya ampea 40

Hii hukata kwa umeme na hewa ya kompresa. Hukata bamba hadi milimita 10 vizuri, pamoja na alumini na chuma kisichoshika kutu. Bei ya mashine siyo yote: inahitaji kompresa, na hewa yake iwe kavu. Maji kwenye hewa hula ncha na elektrodi za kichwa cha kukatia haraka, hasa pwani. Weka kichujio cha maji kabla ya mashine, na mwaga maji ya tangi kila siku.

5. Gesi

Oksijeni na asetilini hukata bamba nene ambalo plazma ndogo hailiwezi, tena bila umeme. Haikati alumini wala chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa kinachokata ni oksijeni kuunguza chuma chenyewe. Asetilini isizidi bar 1, mtungi usimame wima, na vizuia moto kurudi viwepo kwenye mipira yote miwili.

6. Grinda ya inchi 9

Wengi huinunua ya pili. Sisi tunaiweka mwisho. Ni nzito, ikikwama inarusha mkono, na kwa mabomba mashine ya inchi 14 inaishinda. Ifae kwa chuma kilichokwisha simikwa. Diski yake imeandikwa kikomo cha mizunguko 6,600 hivi kwa dakika. Grinda ndogo huzunguka hadi 11,000 na zaidi. Wanaotoa kinga ili kufunga diski ya 9 iliyolika kwenye grinda ndogo wanachezea macho yao.

Bati la futi 4 kwa 8 lisikununulishe mashine yoyote. Lipeleke kwa mwenye gilotini, akukatie na kukukunjia.

Diski nyingi za kukatia na kusagia zina tarehe kwenye pete ya chuma katikati, V ikifuatwa na mwezi na mwaka. Iliyopita tarehe, au iliyolowa, usiinunue hata kwa nusu bei.